Potasiamu kwenye shamba la Malindi: mchanga, udongo mwekundu, mwamba na tope la Sabaki, mwongozo kamili

Huku kwetu mbolea zinazojulikana ni mbili, DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia, na zote mbili hazina potasiamu hata chembe. Angalia gunia la DAP limeandikwa 18-46-0, ile sufuri ya mwisho ndo potasiamu yenyewe. Sasa mtu analima muhogo kule Ganda, ama migomba karibu na Sabaki, kila msimu gari linapakia linaondoka, yeye anarudisha DAP na CAN tu, baada ya miaka anaanza kusema shamba limechoka. Mwingine naye kasikia habari ya potasiamu anakimbia agroveti anabeba gunia anamwaga lote kabla ya mvua ya mwaka, shamba lenyewe mchanga mtupu, mvua ikishapiga wiki mbili pesa yote ishashuka chini huko mizizi haifiki. Ndo maana naanza na udongo, mbolea baadaye. Kipimo kinachofaa Mambrui kinaweza kuwa hasara Gede, na ni mwendo wa gari moja tu.

Kazi ya potasiamu kwenye mmea ni hii: inafungua na kufunga vile vitundu vya majani vinavyotoa maji, na inasaidia kusafirisha sukari kutoka majani kwenda kwenye mzizi au tunda. Kwa hiyo chochote kinachojaza wanga ama sukari kinaila sana, muhogo, viazi vitamu, ndizi, tikiti, nyanya, na mnazi ndo usiseme. Mmea ulioipata ya kutosha unavumilia kiangazi na shina lake halilali ovyo upepo ukivuma.

Hatua ya 1: shika udongo wako mkononi

Chimba kama sentimita 20 kwenda chini, chukua konzi moja, tia maji kidogo kidogo ukikanda mpaka ulainike. Finya uwe donge, halafu usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Ukikataa hata kushikana donge, huo ni mchanga. Ukishikana lakini utepe unakatika kabla ya sentimita 2 na nusu, ni kichanga chenye tope kidogo. Ukienda mpaka sentimita 5 na zaidi bila kukatika, una mfinyanzi.

Kama huamini vidole vyako tumia chupa. Chukua ile ya plastiki ya maji inayoonyesha ndani, jaza udongo thuluthi, maji mpaka karibu na mdomo, tia chembe ya sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu kama dakika tano halafu weka mezani usiiguse. Mchanga unatua ndani ya dakika moja mbili, tope laini linatua baada ya masaa kadhaa, mfinyanzi unaweza kukaa siku nzima au zaidi maji bado yana ukungu. Kesho yake pima kila tabaka na rula, hapo una picha ya shamba lako bila kulipa mtu.

Na hili jaribio la chupa lifanyeni sana sana nyinyi wa Magarini na Marafa, manake udongo mwekundu unadanganya. Ukiutazama unaona mzito, una rangi ya nguvu, ukitembea nao kwenye viatu unadhani ni mfinyanzi wa bara. Utie kwenye chupa. Mara nyingi utaona tabaka kubwa la chini ni mchanga, ule wekundu ni kutu ya chuma iliyopaka chembe kwa nje, mfinyanzi wenyewe kidogo tu juu. Rangi haishiki potasiamu, inayoshika ni mfinyanzi na mboji.

Kisha kamulia ndimu. Bonge la udongo mkavu liweke kwenye kisahani, kamulia matone, sogeza sikio karibu. Ukisikia linachemka tsss na ukaona vipovu vidogo vinapanda, hapo kuna chokaa, yani udongo wa matumbawe. Gede na Watamu watu wengi watasikia huo mlio. Siki pia inafanya kazi ileile ila ndimu huku zipo mlangoni.

Hatua ya 2: jua udongo wako unaishikaje potasiamu

Potasiamu kwenye udongo iko kwa namna tatu. Kuna iliyofungwa ndani ya madini, hiyo ni nyingi lakini inatoka polepole mno. Kuna iliyojishika juu ya chembe za mfinyanzi na mboji, hiyo ndo akiba yako. Na kuna kidogo iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, hiyo ndo mzizi unakunywa leo. Tofauti ya udongo na udongo ni ukubwa wa ile akiba ya katikati.

Mchanga wa pwani, huu wa Mambrui na mashamba yaliyo karibu na matuta, akiba yake ndogo sana. Mchanga ni kifumbu, unachomimina juu kinapita. Maabara wana kipimo cha uwezo wa udongo kushika virutubisho, mchanga mtupu unaweza kuwa na 2 au 3 pale ambapo mfinyanzi mweusi una 30 na kupita. Kwa hiyo kwenye mchanga achana na ndoto ya kujaza akiba, lisha mmea kidogo kidogo kila baada ya muda. Ukiwa na gunia moja la mwaka mzima ligawe mara tatu nne. Na kila takataka ya shamba inayoweza kuoza irudi pale, kwa sababu mboji ndo kitu pekee kitakachokuongezea akiba mahali hapo, mfinyanzi huwezi kuuleta na lori.

Udongo mwekundu wa Magarini nauweka hapohapo jirani na mchanga, afadhali kidogo. Hata ule mfinyanzi kidogo uliomo kwenye udongo mwekundu wa namna hii kwa kawaida ni wa aina isiyoshika sana, sababu umenyeshewa miaka mingi ukachujwa. Mananasi na mihogo inakubali huko kwa sababu ni mimea migumu, ila ugumu wake ndo unaowapumbaza watu, mhogo utatoa chochote hata udongo ukiwa umekauka virutubisho, unatoa tu mizizi myembamba yenye wanga kidogo.

Mwamba, yani udongo wa matumbawe wa Gede na Watamu, shida yake ni nyingine kabisa. Hapo potasiamu inaweza kuwepo, karatasi ya maabara ikasema ipo ya kutosha, na mmea bado ukaonyesha njaa. Sababu ni kalsiamu. Imejaa kila mahali, inagombania nafasi kwenye mzizi na potasiamu inasukumwa nje. Kwenye udongo wa hivi usitazame namba ya potasiamu peke yake, tazama na ya kalsiamu na magnesiamu pembeni yake. Na MAJIVU USIPELEKE HUKO, nitaeleza mbele.

Tope la Sabaki ndo neema. Huu mto unatoka mbali, juu huko unaitwa Athi, katikati Galana, na kila mvua ikinyesha bara unashuka na udongo mpaka bahari ya Malindi inageuka rangi ya kahawia watalii wanalalamika. Lile tope limebeba madini yenye potasiamu, kwa hiyo mashamba ya bondeni yanayofurika kila baada ya muda huwa yanajirudishia yenyewe. Ila msibweteke. Mahali mto haufuriki tena na mnavuna migomba mfululizo, akiba inaliwa kama kwingine.

Mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa jua likiwaka, uko kwa wingi delta ya Tana na vipande vipande kwenye mabonde. Huo akiba yake kubwa, mara nyingi hauhitaji kununua kitu, tatizo lake ni ukavu. Potasiamu inasogea kufikia mzizi kupitia maji yaliyozunguka chembe za udongo, maji yakikauka inakaa palepale iko sentimita moja tu na mzizi na haifiki. Kwa hiyo Februari ukiona dalili za njaa kwenye udongo mweusi dawa yake ni maji na matandazo, mbolea subiri kwanza.

Halafu kuna udongo wa chumvi, kule Ngomeni, Gongoni, Marereni, na shamba lolote linalomwagiliwa na kisima cha maji ya chumvichumvi. Sodiamu ikizidi inamsumbua mmea kwenye kuchukua potasiamu. Ukiona ukungu mweupe juu ya udongo maji yakikauka, tatizo lako la kwanza ni chumvi, potasiamu baadaye.

Hatua ya 3: soma majani kabla ya kusoma karatasi

Potasiamu inahama ndani ya mmea. Ikipungua, mmea unaitoa kwenye majani ya zamani unapeleka machanga, kwa hiyo dalili zinaanzia CHINI. Jani la mahindi linaanza kuwa manjano kwenye ncha na kingo, halafu kingo zinababuka kahawia kama zimepitishwa motoni huku katikati bado kijani. Usichanganye na naitrojeni, hiyo manjano yake inapita katikati ya jani kufuata uti, inachora umbo la V. Magnesiamu nayo inakuwa manjano kati ya mishipa, mishipa yenyewe inabaki kijani.

Mnazi ni rahisi ukishajua. Chukua kuti la chini kabisa ambalo bado liko hai, lishike juu uliangalie kwa mwanga wa jua. Ukiona madoadoa ya manjano-chungwa yanayopitisha mwanga, na ncha za ukuti zimekauka, halafu ukitazama makuti ya juu yako sawa, hiyo ni potasiamu. Nazi nazo zinakuwa chache. Mgomba majani ya zamani yanageuka chungwa haraka, yanajikunja na kufa. Nyanya zinaiva mabaka mabaka, upande mwekundu upande wa bega kijani kigumu, sokoni hazipiti.

Tahadhari moja: kingo kubabuka pia ni dalili ya chumvi. Ndo maana nimesema jua udongo kwanza, huyo wa Ngomeni akiona kingo zimeungua akaongeza mbolea ya chumvi juu ya chumvi atamaliza shamba.

Hatua ya 4: peleka sampuli

Tembea shamba kwa mwendo wa zigizagi, chukua udongo kidogo mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo au gunia lililobeba mbolea usitumie. Ruka mahali palipochomwa takataka, palipolala ng'ombe, njiani, na kwenye kichuguu, hapo potasiamu iko juu kuliko shamba zima na itakupotosha. Sehemu ya mchanga na sehemu ya tope usichanganye, kila moja na mfuko wake. Kausha kivulini, toa nusu kilo, andika jina la shamba na zao. Kwa minazi na maembe chukua na mfuko wa pili wa kina cha 20 hadi 40. KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo, wana kituo Mtwapa, hapo unaweza kuanzia kuulizia, na maabara yao kubwa ya udongo iko Kabete.

Karatasi ikirudi potasiamu itakuwa kwa me% ama cmol/kg, hizo ni kitu kimoja, au kwa ppm, yani miligramu kwa kila kilo ya udongo. 1 me% ni ppm 391. Chini ya 0.2, yani ppm 78 hivi, mazao mengi yanaanza kulia. Ila soma namba kwa jicho la udongo: 0.2 kwenye mfinyanzi mweusi ina maana mambo yameharibika sana kwa sababu kalsiamu pale ni nyingi mno kuizidi, 0.2 kwenye mchanga ni hali ya kawaida unaishi nayo kwa kulisha mara kwa mara.

Hatua ya 5: piga hesabu

Namba kwenye gunia sio potasiamu tupu, ni K2O, yani potasiamu pamoja na oksijeni, ni mazoea ya zamani ya biashara. Kupata potasiamu yenyewe zidisha K2O kwa 0.83. MOP, ile ya kloraidi, ina K2O asilimia 60, kwa hiyo gunia la kilo 50 lina K2O kilo 30, potasiamu yenyewe kilo 25. SOP ya salfeti ni asilimia 50. Ile ya naitreti ya 13-0-46 ni ya kunyunyizia na kumwagilia kwa mipira, bei yake si ya muhogo.

Tuchukue muhogo. Kila tani ya mizizi inayotoka shambani inabeba kilo 2 hadi 4 hivi za potasiamu. Ekari yako imetoa tani 6, weka 3 kwa tani, umepoteza kilo 18. Igeuze K2O, 18 mara 1.2 ni kama 22. Gawa kwa 0.6, unapata kilo 36 za MOP. Hata gunia moja halifiki. Hiyo ni kurudisha ulichouza tu, na ni sharti mashina na majani yabaki shambani.

Sasa tuseme unataka kupandisha namba ya maabara kutoka 0.1 kwenda 0.2. Udongo wa ekari moja kina cha sentimita 20 una uzito wa kama kilo milioni 1.1, kwa hiyo utahitaji potasiamu kilo 43 hivi, sawa na MOP kilo 86. Kwenye tope au mfinyanzi inaweza kuwa na maana. Kwenye mchanga ni kumwaga pesa, lisha zao.

Mnazi mkubwa: Wahindi waliofanya utafiti mwingi wa minazi wanapendekeza K2O kilo 1.2 kwa mti kwa mwaka, ni MOP kilo 2. Mti mchanga mwaka wa pili theluthi ya hiyo, wa tatu theluthi mbili, kuanzia wa nne kamili. Kama minazi yako haijawahi kuona mbolea mimi ningeanza na nusu nione makuti yanasemaje. Mgomba unaweza kula K2O gramu 300 kwa mwaka, sawa na MOP nusu kilo, igawe mara tatu au nne.

MOP ama SOP? Mnazi unapenda kloraidi, tena ule wa mbali na bahari, Kakoneni huko, ambao haupati upepo wa chumvi, kwa hiyo MOP ni sawa kabisa na ni rahisi. Hapa kuna wazee wanaomwaga chumvi ya kawaida kwenye shina la mnazi na mti unaitikia, wanapata kloraidi, sio potasiamu, hivyo isichukue nafasi ya mbolea. Kwenye udongo wa chumvi, na kwa maharagwe, parachichi na jamii ya ndimu, tafuta SOP, kuunguza kwake ni chini ya nusu ya MOP.

Hatua ya 6: kuweka

Mvua kubwa ya mwaka inaanza Aprili na kilele chake Mei. Kwenye mchanga usiweke yote kabla ya kilele. Weka fungu moja mvua za kwanza zikishalowesha udongo, la pili mwisho wa Juni kwenda Julai mvua ikiwa ya kusi nyepesi, la tatu kwenye vuli. Kwenye mfinyanzi mara moja au mbili zinatosha.

Mnazi chora duara mita 1.8 hadi 2 kutoka shina, tifua juu juu, sambaza, funika na udongo na makuti. Kurundika kwenye shina hakuna mzizi unaokula hapo. Mahindi na mboga weka kando ya mstari sentimita 5 hadi 10 kutoka mbegu, ikigusa mbegu inaungua. Kwenye mwamba weka kwenye shimo la mboji karibu na mizizi badala ya kusambaza, na kama zao lina thamani, nyanya au tikiti, nyunyizia majani ile 13-0-46 wakati matunda yanajaa.

Vya bure

Makumbi kwanza, na hapa naona watu wanatupa mali. Sehemu kubwa ya potasiamu ya nazi iko kwenye kumbi na kwenye maji. Pita pale wanapouza madafu mjini uone yale marundo yanayochomwa jioni, yote yametoka kwenye mashamba ambayo hayarudishiwi kitu. Chimba mtaro nusu mita kuzunguka mnazi kwenye lile duara, panga makumbi tabaka tabaka upande wa nyuzi ukiangalia juu, fukia. Yanashika maji kiangazi na kutoa potasiamu polepole, kwa mchanga hakuna kinachoyashinda.

Majivu ya kuni yana K2O kama asilimia 5, kwa hiyo kufikia kilo 2 za MOP unahitaji majivu kilo 24, na ya makumbi ni tajiri zaidi. Ni mazuri kwa udongo mwekundu wenye uchachu. Udongo uliochemka na ndimu usiupe, majivu yanapunguza uchachu, yani yanapandisha pH, na hapo tayari iko juu. Wala usiyachanganye na DAP, CAN au samadi mbichi, utasikia harufu kali puani, hiyo ni naitrojeni yako inaondoka na upepo. Yakae pakavu, yakinyeshewa potasiamu imekwenda na maji.

Mkojo wa ng'ombe na mbuzi ndo unabeba potasiamu nyingi, mavi ni kidogo. Banda la mchanga mtupu linaupoteza wote, tandika mabua na nyasi kavu zinyonye, halafu hizo ndo zipelekwe shambani. Mabua ya mahindi pia usiyauze yote, potasiamu ya mahindi iko zaidi kwenye bua kuliko kwenye punje. Na rundo la mboji lifunike na makuti, potasiamu haishikwi na kitu kwenye majani makavu, mvua moja nzuri inaiosha.

Mwani wa ufuoni unao ya kutosha ila una chumvi, uache uoshwe na mvua msimu mmoja kwanza. Na usiende kuukusanya ndani ya hifadhi ya bahari, ile imelindwa tangu 1968 na askari wake hawana mchezo.

Baada ya misimu miwili chukua sampuli tena palepale, mwezi uleule, kina kilekile, manake ukipima Mei na ukaja kulinganisha na Januari kwenye mchanga utaona tofauti ambayo ni ya mvua, sio ya mbolea yako.